Ajenda ya Saba

Tawi letu liko Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
nyuma ya mashine ya kukoboa, na siku ya kikao
vumbi la pumba huingia hadi kwenye kidau cha muhuri.
Mimi ndiye katibu. Daftari langu, kalamu yangu,
na mwandiko ambao makao makuu hawajawahi kuulalamikia.

Jumamosi ile ajenda zilikuwa tisa.
Ya kwanza kufungua, ya pili yatokanayo,
ya tano ada: nani kalipa, nani anapitia uchochoroni.
Na ya saba, karatasi kutoka juu, aya moja tu:
"Je, chama kilegeze msimamo wake
kuhusu ndoa za watu wa jinsia moja,
au ilani ibaki ilivyo? Matawi yatoe maoni."
Nikaisoma kwa sauti ya kusomea bei ya saruji.

Mwenyekiti Semkiwa akavua miwani, akaifuta,
akaivaa, akaivua tena.
"Sisi ni chama cha kushika," akasema.
"Tukiachia hapa, tutashika nini?"
Makofi yakapigwa, mengine ya haraka
kama ya mtu anayeua mbu.

Bi Mwanahamisi wa akina mama akasema
Kitabu kimeshasema, na Kitabu hakipigiwi kura.

Kijana Hemedi, aliyemaliza chuo juzi,
hakusema tulegeze. Alisema yale maneno
"wafichuliwe" na "wang'olewe", hayo yatoke.
Kukataa ni kukataa, akasema,
lakini kwa nini kukataa kwetu kushike rungu?
Wakamwuliza: "Wewe umeoa?"
Kicheko. Hakujibu.
Nikaandika: "Mjumbe aliombwa ufafanuzi."

Ndipo akasimama fundi Mbaruku,
grisi kwenye kucha, spana mfukoni.
"Spoku ukizikaza zote kwa hasira, ringi inapinda.
Ukizilegeza zote, gurudumu linacheza.
Unagonga moja moja. Unasikiliza."
"Kwa hiyo, fundi, unataka tulegeze?"
"Mimi nimesema baiskeli," akajibu, akaketi.

Kiti kikalia.

Viti vile vya plastiki, vya buluu, ishirini na vinne,
niliviingiza mwenyewe kwenye daftari la mali:
"Mchango wa familia ya marehemu Mzee Singano."
Sikuandika kwamba fedha zilitoka Durban,
kwa mdogo wangu Kilua, aishiye ghorofa ya tatu
na Themba, na paka asiye na jina,
na cheti cha ndoa chenye muhuri
uliokolea kuliko wetu.

Mama akipigiwa simu huuliza afya, huuliza kazi,
kisha husema, "Msalimie mwenzio,"
kisha hunyamaza,
kisha huuliza kama na huko mvua imenyesha.
Hapo ndipo alipofika, miaka sita.
Sijui kama kule ni kulegeza.
Najua tu kwamba hajawahi kukata simu.

Kura: kumi na tisa ilani ibaki.
Wawili maneno yapunguzwe makali.
Wa pili sikumtaja, lakini mkono wake
ulinyanyuka nusu, mweusi kwa grisi.
Katibu hapigi kura, ndivyo kanuni isemavyo,
na miaka yote nimeiona kanuni hiyo kuwa heshima.

Sasa ni usiku, nanakili muhtasari kwa safi.
"Kikao kilifungwa saa kumi na robo.
Viti vilirudishwa stoo, vyote vizima."
Chini yake, kwenye Mengineyo, imebaki mistari mitatu mitupu.
Nimeandika mmoja: "Katibu ana ndugu."
Nimeutazama. Kisarufi hauna kosa.
Bahasha inaondoka na basi la saa mbili asubuhi,
na gundi bado sijailamba.